Usharika usiipite shule ya serikali iliyo jirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo ambalo sisi waumini tumelizoea kiasi cha kutoliona tena. Katika vijiji vingi vya Kilimanjaro, kanisa na shule ya msingi ya serikali vimekaa mkabala, pengine vikitenganishwa na ua wa masale tu. Jumapili kanisa hujaa na shule huwa tupu. Jumatatu hadi Ijumaa shule hujaa kupita kiasi, na kanisa, pamoja na ukumbi wake, viti vyake, tangi lake la maji na jiko lake la sherehe, hufungwa kwa kufuli. Watoto wanaokaa watatu au wanne kwenye dawati moja ndio hao hao waliokuwa wakiimba mbele yetu juzi, na mwalimu anayewafundisha pengine hatujui hata anakolala.

Naandika nikiwa mwalimu mstaafu wa shule za msingi na mzee wa kanisa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kwa hiyo mifano yangu ni ya kwetu. Wakatoliki, Waanglikana, Wamoraviani na Wapentekoste watajua namna ya kuigeuza iwafae. Ninachotaka kusema ni kwamba usharika wa kawaida wa kijijini, yaani kundi la waumini wa kanisa moja, unaweza kuisaidia shule ya umma na walimu wake kuliko tunavyodhani, na kwamba msaada wenye manufaa ni ule mdogo unaotolewa mwaka mzima kwa kupitia uongozi wa shule, kuliko ule mkubwa wa siku moja unaoishia kwenye picha za mgeni rasmi.

Uhusiano huu si mgeni. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 shule ilikuwa sehemu ya kazi yao tangu mwanzo, na kwa miaka mingi mtu aliyeshika chaki siku za wiki ndiye aliyeshika Biblia Jumapili. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyoziweka mikononi mwa Serikali shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili afanye kazi ya TANU, ilikuwa ya Wakatoliki. Minaki ilikuwa ya Waanglikana. Ilboru ilikuwa ya Walutheri. Leo zote tatu ni za Serikali. Sina nia ya kufufua malalamiko ya wakati ule, kwa sababu naamini hatua ile iliwafungulia mlango watoto wengi, hasa Waislamu, ambao shule za misheni ziliwaacha nyuma. Kosa lilikuwa letu wenyewe, kwamba tulipoyakabidhi majengo tuliacha pia kuwajali waliomo.

Mwaka 1992 makanisa na Serikali walitiliana saini makubaliano ya kushirikiana katika elimu na afya, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Tangu hapo nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye shule zetu: seminari, sekondari za dayosisi, na siku hizi shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza na kubeba watoto kwa mabasi ya njano. Shule hizo zina kazi yake na sizipingi. Hata hivyo ada zake haziwezwi na mkulima mwenye kihamba kidogo cha kahawa na migomba, na kwa hiyo wengi wa watoto wanaokariri mistari mbele ya madhabahu kwenye Sikukuu ya Mikaeli na Watoto hawasomi humo, bali pale ng'ambo ya ua.

Watu wengi husema kwamba elimu ni bure, hivyo shule haina shida. Ni kweli kwamba elimumsingi bila ada, iliyoanza Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, iliwaingiza darasani watoto wengi waliokuwa wakizuiwa na umaskini, na ni jambo la kushukuru. Lakini hebu tupige hesabu. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi kwa mwaka, na katika hizo Sh 4,000 hutengwa kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 400 hubaki ikitarajia Sh 2,400,000 kwa mwaka, yaani Sh 200,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo mwalimu mkuu anunue chaki, karatasi na vifaa vya usafi, achape mitihani, alipe bili, na atengeneze kitasa kilichong'olewa na dirisha lililovunjika. Aliyewahi kukaa kwenye mnada wa mazao baada ya ibada anajua jinsi mkungu mmoja wa ndizi unavyonunuliwa, mnunuzi akaurudisha mezani, ukauzwa tena kwa bei ya juu zaidi, na hatimaye ukapewa mama mjane wa kiti cha nyuma. Nimeona minada ikivuka Sh 200,000 kabla jogoo wa kwanza hajafunguliwa kamba. Siombi mnada wa kila Jumapili uende shuleni; naomba mmoja kwa mwezi, au hata mmoja kwa muhula, uwe na jina la shule.

Penye uchungu zaidi ni chakula cha mchana. Kwa mujibu wa utaratibu wa elimu bila ada, chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi, na kamati ya shule hukubaliana na wazazi juu ya kiasi cha mahindi, maharage au fedha. Hapo ndipo panapozaliwa orodha mbili. Aliye kwenye orodha ya waliochangia hupanga mstari na sahani yake, na asiyekuwemo huambiwa, kwa maneno au kwa macho tu, akae kando. Wengine huanzisha mchezo wa mpira wakati wenzao wanakula, ili ionekane kwamba hawana njaa. Mtoto wa namna hiyo mchana huwa yupo darasani kwa jina tu, na mwalimu aliye mbele yake anajua sababu wala hana la kufanya. Usharika unaweza kuifuta orodha ya pili kimyakimya. Kamati ya chakula ihesabu pengo la muhula mzima, mwalimu mkuu alilete kwa wazee likiwa hesabu tupu bila majina ya watoto, na usharika ulijaze kwa mazao ya sikukuu ya mavuno, ambayo aghalabu huishia kuuzwa kwa bei ya kutupa. Yale masufuria makubwa ya wanawake wa usharika, yanayotoka stoo kwa ajili ya misiba na harusi tu, yanaweza kuazimwa shuleni siku za wiki bila kupungukiwa chochote.

Nimetaja mwalimu, na ndiye ninayetaka tumtazame kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu tunapozungumza habari ya kusaidia shule mawazo yetu hukimbilia majengo. Majengo yana wafadhili wengi. Kwa mkopo wa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, Serikali ilipanga vyumba vya madarasa 15,000 kwa mkupuo mmoja, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, yaani matawi ya shule za msingi yaliyo karibu na watoto wanaoishi mbali. Hakuna mkupuo wa namna hiyo kwa binti wa miaka 25 kutoka Kagera au Mara anayeteremka kwenye daladala akiwa na begi, ndoo na godoro lililofungwa kamba, mkononi ana barua ya kupangiwa kituo, na hajui mtu hata mmoja katika kijiji hicho. Nyumba za walimu ni chache. Mshahara wa kwanza una taratibu zake na unaweza kuchelewa. Mwenye chumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa pamoja. Wengi wa namna hii niliwapokea nilipokuwa kazini, na nilijifunza kwamba miezi mitatu ya mwanzo ndiyo inayoamua kama mwalimu atakaa au ataanza kuandika barua za uhamisho.

Sasa, sharika nyingi zina nyumba ya mwinjilisti iliyo wazi, au chumba cha wageni kinachotumika mara mbili kwa mwaka mkuu wa jimbo anapokuja kukagua. Chumba hicho kitolewe kwa mwalimu mgeni, bila kodi, mpaka mshahara wake utakapotulia. Mzee mmoja apewe jukumu la kumtembeza: huyu ni balozi, huyu ana maziwa, pale pana zahanati, maji hutoka siku hizi na hizi. Kama mwalimu ni Mwislamu aliyepangiwa kijiji cha Walutheri watupu, aonyeshwe msikiti wa karibu na bucha la nyama aliyochinja Mwislamu, na hilo lifanywe kwa uchangamfu ule ule. Mambo haya hayana gharama, na katika kijiji chenye utaratibu yalikuwa yakifanyika zamani bila kikao chochote.

Kuna mzigo mwingine wa walimu ambao watu wanaujua na hawausemi. Ni mikopo ile inayoitwa kausha damu. Mwalimu anauguliwa, anakopa kwa mtu wa mtaani, anaacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji, na kila mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayetangulia mashineni. Mwalimu wa namna hiyo hata akiwa na moyo wa kazi hawezi kutulia darasani. Sharika na dayosisi kadhaa zina SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, zilizosajiliwa, zenye riba inayoeleweka na vitabu vinavyokaguliwa. Pale ambapo katiba ya SACCOS inaruhusu, walimu wa shule ya jirani wakaribishwe kuwa wanachama, wafundishwe kuweka akiba kidogo kidogo, na wapatiwe mkopo wa dharura kwa masharti yale yale ya wanachama wengine. Naamini hatua hii moja ingewasaidia walimu kuliko kanga na saa za ukutani tunazowapa kwenye mahafali ya darasa la saba, ingawa kanga nazo hupokelewa kwa furaha.

Walimu wa kujitolea nao wasisahauliwe. Ni vijana wenye vyeti vya ualimu wanaosubiri ajira, wanaofundisha kwa posho ndogo ambayo wazazi huchanga inapowezekana. Usharika ukiahidi posho ya kijana mmoja kwa mwaka mmoja, kwa barua na kupitia kamati ya shule, darasa la pili linaweza kupata mwalimu wake badala ya kuunganishwa na la kwanza.

Kuhusu kusoma, nina ushahidi wa macho yangu. Mwalimu wa Shule ya Jumapili mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua mtoto asiyejua kusoma, lakini hajui kwamba amegundua. Mtoto wa darasa la tatu anasimama na Biblia, anautamka mstari wake vizuri kabisa, na kidole chake kiko mistari miwili chini ya maneno anayoyasema. Ameukariri kwa kusikia. Tunampigia makofi na kumpa peremende. Katika darasa lenye watoto 80 mwalimu wake wa siku za wiki hana namna ya kukaa naye peke yake kwa robo saa, wakati kwenye viti vyetu vya mbele tumejaa walimu wastaafu ambao kazi hiyo tunaiweza hata usingizini. Ukumbi wa usharika ufunguliwe Jumamosi asubuhi kwa watoto ambao shule yenyewe imewataja, tufundishe KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa vitabu vya darasani na si kwa nyimbo za tenzi. Isiwe twisheni ya kulipia, maana itawarudisha nyumbani wale wale tunaowatafuta. Na kwa kuwa tunashughulika na watoto wa watu, wanaojitolea wakubaliwe kwanza na mwalimu mkuu, mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, na milango ikae wazi.

Juu ya maji na vyoo nitasema maneno machache tu. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule nyingi ziko mbali na kiwango hicho. Bomba la mita chache kutoka kwenye tangi la kanisa, na pakiti za taulo za kike zinazokaa kwa mwalimu wa malezi, havihitaji hotuba wala harambee.

Suala la msichana aliyepata mimba linahitaji ujasiri zaidi. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, warudi shuleni. Mlango wa shule ukafunguliwa, lakini katika sharika zetu nyingi binti huyo bado anakaa nje ya meza ya Bwana akisubiri kurudishwa kundini, mbele ya majirani wanaohesabu miezi, huku kijana au mtu mzima aliyempa mimba akiendelea kuimba sauti ya nne kwenye kwaya. Sijadili hapa nidhamu ya kanisa, ambayo ina vikao vyake. Nasema tu kwamba binti huyo anahitaji mtu wa kumshikia mtoto kuanzia asubuhi hadi alasiri, na kundi la akina mama wa jumuiya wanaoishi hatua chache kutoka kwake lina uwezo wa kupeana zamu. Asiporudi darasani, mara nyingi kisa ni mtoto kukosa mlezi na wala si waraka.

Haya yote yana masharti, na yasipozingatiwa ni heri tusianze. Shule ya umma ni ya watoto wote. Katiba yetu, katika Ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu kuamini dini anayoitaka, na ratiba ya shule tayari ina kipindi cha dini ambacho kila madhehebu hupeleka mwalimu wake. Hapo ndipo mahali pa kufundisha imani. Sahani ya makande isiambatane na kipeperushi cha mkutano wa injili, mtoto asiulizwe anasali wapi kabla ya kupewa daftari, na jina la usharika lisichorwe ukutani kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Pale palipo na msikiti, viongozi wake waitwe mapema tukae nao katika kamati moja, maana wazazi wakiona mashehe na wachungaji wanapanga pamoja hofu nyingi zitaisha zenyewe. Katika vijiji ambavyo Walutheri wana mtaa na Wakatoliki wana kigango, yaani makanisa madogo ya kijijini, itakuwa aibu kila mmoja akipeleka kapu lake kwa siku yake ili aonekane.

Fedha na vifaa vipite kwenye kamati ya shule, viandikwe kwenye daftari la mali, stakabadhi itolewe, na Afisa Elimu Kata apewe taarifa. Januari 2018 Rais John Magufuli alipokemea michango ya lazima mashuleni, baadhi ya walimu wakuu ninaowafahamu waliogopa hata kupokea katoni ya chaki, kwa kuhofia kuambiwa wanachangisha. Hofu hiyo ina mantiki, na dawa yake ni maandishi. Barua ya usharika ikieleza wazi kwamba kitu hiki ni hiari ya waumini, kwamba hakuna mzazi aliyedaiwa, na kwamba hakina masharti, mwalimu mkuu atakuwa na kitu cha kuonyesha mkaguzi akija.

Niruhusu, Ndugu Mhariri, niongeze jambo moja la pembeni ambalo halitugharimu hata senti. Wiki ya mtihani wa darasa la saba huangukia Septemba, nao wa kidato cha nne huwa Novemba, na mikutano yetu ya injili na semina za uamsho haijui kalenda hiyo. Nimewahi kusimamia mtihani wa Hisabati huku maspika ya kanisa la jirani yakijaribiwa kwa saa nzima: moja, mbili, moja, mbili. Mtoto mmoja alikuwa akiandika namba anazozisikia. Kama hatuna cha kuipa shule, basi siku hizo mbili tatu tuipe utulivu.

Najua wapo watakaosema kwamba kodi tunalipa, na kujaza mapengo ya Serikali ni kuifundisha uvivu. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki usharika uchukue kazi ya kuajiri walimu wa kudumu au kujenga madarasa. Lakini mtu anayebeba mahindi kwenda shuleni kila mwezi ndiye anayejua kwa hakika ruzuku ilifika lini na ilikuwa kiasi gani, ndiye atakayehoji kwenye mkutano wa kijiji kwa nini walimu watatu wamehamishwa na hakuna aliyeletwa, na diwani hawezi kumjibu kwa maneno ya jumla. Wanaokaa mbali na shule ndio ambao Serikali haina haja ya kuwajibu.

Sharika nyingi huandaa makisio ya mwaka unaofuata kati ya Oktoba na Desemba, muda mfupi baada ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto na Siku ya Walimu Duniani ya Oktoba 5. Nawaomba wachungaji na wazee wenzangu, kabla ya kupitisha makisio ya safari hii, wamwalike mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani kwenye kikao cha baraza la wazee, wampe nusu saa, wamuulize anapungukiwa nini, na wasimwandalie majibu. Kisha achaguliwe mzee mmoja wa kufuatilia, na taarifa yake isomwe kwenye matangazo ya Jumapili mara moja kwa mwezi, pamoja na hesabu za sadaka.

Wako katika kujenga taifa,

Mwalimu mstaafu,
Moshi Vijijini, Kilimanjaro.